Mpingo wa Kilwa wanufaisha wenyeji

Kwa miaka mingi mpingo wa Kilwa, kusini mwa Tanzania, ulisafirishwa kwenda kutengenezwa klarineti Ulaya huku wenyeji wakiambulia fedha kidogo mno.

Mabadiliko yalianzia kwenye sheria. Sheria ya Misitu ya 2002 iliruhusu serikali ya kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuutungia sheria ndogo na kubaki na mapato ya mavuno. Lakini sheria haihesabu miti. Wanakijiji waliingia ubia na shirika la uhifadhi la MCDI, wakapima msitu na kupanga kiasi cha kuvuna, maana mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kukomaa. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ikaingizwa chini ya cheti cha kimataifa cha FSC.

Jirani Kenya, wakazi wa Gazi, Kwale, huuza hewa ukaa ya mikoko. Nao wananufaika, ila mikoko ni mali ya serikali. Wanaitunza kwa mkataba. Kilwa, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoamua fedha ziende kwenye kisima au darasa.