Msiikimbie Sindano ya Mgongo

Kila tunapowaambia jamaa wa mgonjwa kwamba daktari anataka kupima maji ya uti wa mgongo, swali ni lile lile: "Sista, akichomwa hapo si atapooza?" Tumelisikia kwa wachuuzi wa Kariakoo na kwa watumishi wa maofisi ya Kivukoni. Wengine humchukua mgonjwa wao wakaondoka, na akirudishwa hajitambui tena.

Kwa mtu mzima, uti wa mgongo huishia juu kidogo ya kiuno. Sindano huchomwa chini ya hapo, palipo na maji na nyuzi za mishipa ya fahamu zinazoelea. Huchukuliwa kama kijiko cha chai, na mwili hurudisha kiasi hicho kabla ya saa moja kwisha. Kichwa kinaweza kuuma siku chache. Kupooza ni nadra sana.

Katika maji hayo hupimwa, pamoja na mengine, protini. Kwa mtu mzima mwenye afya ni kama miligramu 15 hadi 45 kwa desilita. Majimaji ya damu yana zaidi ya mara 100 ya hizo. Kuta za mishipa ya damu huzizuia. Vijidudu vikishambulia utando wa ubongo, kuta huvuja na protini hupanda. (Mtoto mchanga huwa nazo nyingi kwa kawaida, basi msishtuke.) Hata pasipo mashine, tone la maji hayo likitiwa katika dawa ya fenoli hufanya ukungu mweupe protini zikizidi.

Kinachotutisha zaidi ni kifua kikuu cha utando wa ubongo. Huanza polepole, homa na kichwa kwa wiki kadhaa, na nyumbani hudhaniwa malaria au mashetani. Mara nyingi kijidudu chenyewe hakionekani kwa darubini. Lakini protini zikipita 100, sukari ikishuka na chembe nyeupe zikiongezeka, daktari huanza dawa bila kungoja, nazo hutolewa bure. Kwa virusi, protini hupanda kidogo tu. Kwa ukungu unaowapata wenye VVU zinaweza kuwa karibu na kawaida, ndiyo maana hupimwa kwa kipimo chake.

Mkija, mwambieni daktari kichwa kimeuma tangu lini, na kama mgonjwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda.