Rafu ya Darasa la Chini: Vitabu Gani, Vyombo Gani?



Mwaka jana kamati yetu ya wazazi ilipokea kasha la vitabu vya hadithi kutoka kwa wahisani wa ng'ambo. Lilikuwa zito hata likabebwa na watu wawili, na watoto wa Gredi ya Pili walilizunguka kama wazungukavyo sinia la Idd. Vitabu vilipendeza: jalada gumu, picha za rangi, karatasi nene isiyochanika upesi. Mwalimu alifungua kimoja, akawaonyesha picha ya nyumba zilizofunikwa na kitu cheupe, akauliza ni nini. Mtoto mmoja akanyoosha mkono bila kusita. "Ni chumvi," akasema. Kwao ni upande wa Gongoni, kaskazini mwa Malindi, ambako maji ya bahari huanikwa mabwawani na chumvi yake kurundikwa vilima vilima.

Tuliokuwapo tulicheka. Baadaye, tulipokaa kupanga matumizi ya fedha zilizochangwa mtaani, kicheko kile kilitusuta. Mtoto alikuwa ameisoma picha kama isomavyo akili yoyote, kwa kuanzia analolijua. Hakukosea yeye, wala mchoraji aliyechora theluji ya kwao hakukosea. Waliokosea ni sisi, tuliolipokea kasha lile na kulifanya ndiyo maktaba nzima.

Fedha zenyewe si nyingi, na ndiyo maana uchaguzi una uzito. Vitabu vya kiada tunaviacha kando, kwa kuwa siku hizi serikali huvipeleka shuleni yenyewe baada ya kuidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ya Kenya. Tunazungumzia rafu ya hadithi na vyombo vya kufundishia katika Gredi ya Kwanza hadi ya Tatu, mahali ambapo wazazi na walimu bado wana sauti, na mahali ambapo tumeona fedha za watu zikipotea.

Swali la nani yumo vitabuni si geni duniani. Mwaka 1965 Nancy Larrick, mwalimu na mwandishi wa Marekani, alichapisha makala yaliyoanza na swali la mtoto mweusi wa miaka mitano: kwa nini watoto wa vitabuni ni weupe daima? Larrick alikuwa amefanya hesabu ya vitabu vya watoto zaidi ya 5,000 vilivyotolewa nchini mwake katika miaka mitatu. Katika kila 100, havikufika saba vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja. Robo karne baadaye, mwaka 1990, Rudine Sims Bishop, msomi mweusi wa fasihi ya watoto huko huko Marekani, alitoa mfano ambao walimu wanautumia hadi leo. Kitabu, alisema, huweza kuwa kioo ambamo mtoto hujiona, huweza kuwa dirisha la kuwaonea wengine, na pengine huwa mlango wa kupita na kuingia kwao. Akaongeza onyo ambalo husahauliwa: mtoto wa kundi lenye nguvu, asiyeona vitabuni ila sura yake, naye hudhurika, kwa kuwa hukua akidhani kuwa dunia ni yeye.

Tukiuchukua mfano huo hadi kwenye rafu za pwani yetu, vioo ni vichache mno. Vitabu vya Kiswahili vipo, lakini kijiji kinachochorwa ndani yake aghalabu ni cha bara: shamba la mahindi, ng'ombe, nyumba ya duara. Mvaa kanzu akitokea, mara nyingi ni mwuza duka au mganga. Mtoto wa kike mwenye mtandio kichwani, anayetatua fumbo au kuunda kitu, hatukumwona kwa urahisi. Kuhusu bahari ndiyo usiseme. Mwaka 1979 utenzi wa Sambo ya Kiwandeo, ambamo marehemu Ahmed Sheikh Nabhany alieleza ujenzi wa chombo cha Lamu kwa istilahi zake za asili, ulichapishwa mjini Leiden, Uholanzi. Hazina hiyo ipo, na ni ya watu wazima wenye elimu. Mtoto wa Gredi ya Tatu ambaye babake ni fundi wa majahazi angali anasubiri kitabu chembamba chenye picha ya mkuku, mataruma na foromali, kila kimoja kikiwa na jina lake pembeni.

Upande wa pili wa jambo hili hatupendi kuusikia. Kikaoni mmoja wetu alipendekeza tununue vitabu vya Waswahili Waislamu peke yake, kwa hoja kwamba wengine wana vyao. Hoja ina uchungu wa kweli ndani yake, na hatukuidharau. Lakini tulipolitazama daftari la mahudhurio tukaona majina ya Kigiriama, Kipokomo, Kitaita na Kikamba, na watoto wa askari na walimu waliohamishiwa kwetu kutoka bara. Hata Waislamu wenyewe si kitu kimoja. Mtoto wa Kidigo hasimuliwi nyumbani hadithi zile zile anazosimuliwa Mbajuni wa Faza, na Msomali wa Garissa aliyehamia Mombasa ana zake. Yuko mtoto mwenye ualbino anayekaa mbele ili aone ubao. Yuko kiziwi, naye Katiba ya 2010 inaitaja lugha yake, Lugha ya Ishara ya Kenya, miongoni mwa lugha ambazo Taifa linapaswa kuziendeleza. Katika mitaa yetu mwenye nguvu ya wingi ni sisi, na onyo la Bishop linatuhusu.

Hapo ndipo linapozuka suala la sikukuu za watu wengine, na tunajua nyumba zitakazokunja uso. Msimamo wetu ni huu: kitabu kinachoeleza kwamba jirani hupamba nyumba yake mwezi wa Desemba na kualika wageni ni dirisha, na mtoto wetu atayaona hayo barabarani tupende tusipende. Kitabu kinachomfundisha ibada ni cha somo la dini, na kila mtoto ana somo lake. Mpaka huo si mgumu kuuona mtu akiusoma ukurasa kwa utulivu badala ya kukisia kwa jalada. Tena tunawataka majirani wakipokee kitabu cha Idd kwa moyo ule ule. Hatuwezi kudai tusichotoa.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalitazami, nalo ni uzito wa Kiswahili chenyewe kwa anayeanza kusoma. Vitabu vingi vya hadithi vimetafsiriwa kutoka Kiingereza, na alama ya umri iliyo nyuma ya jalada ilipimwa kwa Kiingereza, lugha ambayo maneno yake ya mwanzo ni mafupi. Kiswahili hubeba mzigo mmoja ndani ya neno moja. "Alimnunulia" ni neno moja, na ndani yake mmekaa mtendaji, wakati, mtendewa na kitendo. Kwa mtoto anayeunga silabi ni ngazi saba za kupanda kabla ya kupumua. Sentensi iliyokuwa nyepesi katika lugha ya asili hugeuka mlima. Dawa yake ni rahisi na haina gharama: kabla ya kununua, mpe mtoto wa gredi ile ukurasa mmoja akusomee. Akikwama kila mstari, kitabu hicho hakijaharibika, ila ni cha mwalimu kuwasomea, na kiwekwe rafu ya juu. Cha yeye kujisomea kitafutwe kingine, chenye maneno mafupi na marudio mengi.

Lahaja nazo zina haki yake. Mtoto wa Lamu huja darasani na mato, ndia na yana, na kitabu humwambia macho, njia na jana. Mwalimu asiye mwenyeji humsahihisha, na mtoto huelewa kwamba mamake hajui kusema. Mwalimu mwenye busara huyataja yote mawili: hivi ndivyo tusemavyo nyumbani, hivi ndivyo vitabu viandikavyo. Tukumbuke pia kwamba wengi wa watoto hawa walitangulia chuoni kabla ya kufika shule. Wanazijua herufi za Kiarabu, wamezoea kufungua kitabu kutoka kulia, na wiki za mwanzo hushika kitabu cha hadithi kinyumenyume. Tumesikia wakiitwa wazito kwa sababu hiyo, ilhali mtoto wa miaka sita aliyekwisha kuingia katika maandishi mawili ana mtaji ambao wenzake wengi hawana.

Sasa vyombo. Mwaka 2013 serikali iliyoingia madarakani iliahidi vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Kufikia 2016 ahadi ilikuwa imegeuka kuwa vishikwambi, na katika miaka iliyofuata vifaa zaidi ya milioni moja vilisambazwa katika shule za msingi za umma, pamoja na projekta na vipakatalishi vya walimu. Ziko shule zilizovitumia vizuri. Katika shule moja tunayoijua vilifungiwa kabatini kwa kuogopa wezi, ufunguo ukakaa kwa mtu mmoja, na siku kabati lilipofunguliwa betri zilikuwa zimefura hata maganda yakaachana. Hatumlaumu mwenye ufunguo. Kila kilichopotea angedaiwa yeye, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kisichotumika nacho kimepotea.

Wazazi wengi wangali wanaamini kwamba kifaa kikiwa mkononi mwa mtoto, elimu imeingia. Ushahidi hausemi hivyo. Mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika ilichapisha tathmini ya shule 319 za vijijini nchini Peru, ambako watoto waligawiwa vipakatalishi. Baada ya takriban miezi 15 hapakuonekana tofauti katika alama za hesabu wala za lugha. Karibu na kwetu, utafiti uliofanyika kaunti ya Kisumu na kuchapishwa mwaka 2016 ulilinganisha njia tatu: kuwapa watoto vifaa vya kusomea, kuwapa walimu vishikwambi, na kuwapa vishikwambi maafisa wanaowazuru walimu darasani. Njia zote zilijengwa juu ya msingi mmoja, vitabu kwa kila mtoto na mafunzo kwa walimu. Watoto walisonga mbele katika kusoma, lakini teknolojia haikuongeza mengi juu ya msingi ule, na kumpa kila mtoto kifaa ndiko kulikokuwa ghali zaidi. Sisi tuliisoma matokeo hayo kama wenye mfuko mdogo: vitabu na mwalimu kwanza.

Si kwamba tunavikataa vyombo. Projekta moja hukuza ukurasa ukutani, watoto 50 wakausoma pamoja hata kama nakala ni moja. Kipaza sauti kidogo huwasomea wasioona vizuri, na video ya hadithi kwa lugha ya ishara humpa mtoto kiziwi kile ambacho kitabu peke yake hakimpi. Ila kabla ya kulipa, tunamwuliza mwuzaji maswali yanayomchosha. Je, hufanya kazi bila mtandao, siku umeme umekatika tangu alfajiri? Fundi wa kukitengeneza yuko hapa mjini, au ni lazima kipelekwe Nairobi? Hewa ya chumvi hula matundu ya kuchajia. Je, kuna kifuniko? Programu isiyolipiwa huleta matangazo gani mbele ya mtoto? Na ikiwa inataka jina, picha na sauti yake, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwanza. Muuzaji mmoja alitujibu kwamba hakuna mzazi aliyewahi kumwuliza hilo. Hatukununua kwake.

Faida iliyotufurahisha kuliko zote hatukuitarajia. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini na kuzinduliwa mwaka 2014, umeweka mtandaoni hadithi fupi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, na ruhusa yake ni wazi: mtu yeyote aweza kupakua, kutafsiri, kubadilisha na kuchapa bila kulipa. Tulipakua chache, tukazichapa katika duka la fotokopi, tukazishona kwa uzi wa mvuvi. Kisha mwalimu mmoja akauliza kwa nini tusiandike za kwetu. Kifaa ambacho hakikuweza kumfundisha mtoto kusoma peke yake kinaweza kunasa sauti ya bibi akisimulia, kikapiga picha za mtepe wa makumbusho, kikapanga kurasa nane. Kioo kilichokosekana madukani kinaweza kutengenezwa mezani petu.

Kwa hiyo mgawo wa mwaka huu ni huu: projekta moja, kipaza sauti kimoja, vishikwambi viwili vya walimu, na kilichobaki chote ni vitabu, nusu vya kujiona na nusu vya kuona wengine. Kasha la wahisani halikutupwa. Vitabu viwili vya theluji viko rafuni, na mwalimu huvisoma pamoja na picha ya mabwawa ya chumvi.

Hadithi ya kwanza ya kwetu imekwisha kunaswa. Msimulizi ni bibi wa mtaa wa pili, na ndani yake mna shetani wa mbuyu anayeiba samaki wa watu. Baadhi ya wanakamati wanataka shetani huyo aondolewe, awekwe kima. Wengine wanasema hadithi bila yeye haina ladha, na kwamba sisi sote tulilala naye utotoni tukaamka salama. Mjadala umeahirishwa hadi kikao kijacho baada ya Isha, na bibi mwenyewe amealikwa.