Taarifa ya Kwanza: Uwajibikaji wa Taasisi Pale Mwanamichezo Anapodhalilishwa

Kijana mwanamichezo huukabidhi mwili wake kwa watu wengine. Kocha humpangia mazoezi, mlo na usingizi. Tabibu humshika misuli na viungo. Kiongozi wa timu huamua nani asafiri na alale wapi. Bila mamlaka hayo michezo haiendi, lakini humohumo ndimo unyanyasaji hupata mlango. Makala haya yanaeleza kwa nini madhara huendelea hata baada ya watu kuambiwa, na nini kinampasa mtoa huduma wa zahanati, kwa mfano hapa Kasekese.

Afrika Mashariki tumekwisha kuonywa. Oktoba 2021 mwanariadha wa Kenya Agnes Tirop, mwenye miaka 25, alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten. Wanariadha wenzake waliunda shirika la Tirop's Angels ili walio hatarini wapate pa kukimbilia. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, wiki tatu tu baada ya kukimbia marathoni ya Olimpiki jijini Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto huko Trans Nzoia. Alifariki tarehe 5 katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret. Familia yake ilisema kwamba malalamiko yalikuwa yamefikishwa polisi kabla. Madaktari walipokea mwishoni jambo ambalo wengine wangeweza kulizuia mwanzoni.

Kwetu sisi matabibu, funzo chungu zaidi limetoka Marekani, kwa kuwa mkosaji alikuwa mwenzetu. Larry Nassar, daktari wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan na wa timu ya taifa ya jimnastiki, aliwadhalilisha wasichana kwa kisingizio cha matibabu. Mmoja wao amesema alimweleza kocha tangu mwaka 1997. Mwaka 2014 chuo kilichunguza lalamiko la mgonjwa, lakini wataalamu walioombwa maoni walikuwa watu wa chuo hichohicho waliomfahamu. Wakasema ni tiba, naye akarejea kliniki: kesi ya nyani, hakimu ngedere. Habari zilipochapishwa gazetini mwaka 2016 ndipo mambo yalipobadilika. Januari 2018, baada ya wanawake zaidi ya 150 kutoa maelezo mahakamani, alihukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175. Rais wa chuo alijiuzulu, na chuo kikakubali kulipa dola milioni 500.

Fidia hiyo ni uwajibikaji uliochelewa. Uwajibikaji wa kweli hupimwa kwa yale yanayotendeka siku taarifa ya kwanza inapotolewa. Taarifa hiyo hupotea kwa sababu tatu. Mtuhumiwa huonekana hana mbadala, kwa kuwa huleta vikombe au ndiye tabibu pekee. Anayeipokea huwa rafiki yake au mtu wa chini yake. Tena mlalamikaji hudaiwa ushahidi kabla ya kupewa msaada. Sababu zote tatu zaweza kuwapo katika chuo kikubwa na katika shule ya kata vilevile. Wakati wa UMITASHUMTA na UMISSETA wanafunzi hulala mbali na wazazi, chini ya uangalizi wa watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa takriban wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 nchini walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Mtoa huduma anayepokea taarifa ya namna hii aanze na tiba. Fomu ya PF3 inahitajika kwa ajili ya kesi, lakini tiba ya dharura isiingoje. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na zitumiwe kwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku 5. Nguo zihifadhiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, na maneno ya mgonjwa yaandikwe kama alivyoyasema. Kisha ajulishwe ofisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari za mtoto anayevunjiwa haki azifikishe kwa mamlaka za serikali za mitaa. Simu namba 116, ya kumsaidia mtoto, hupigwa bila malipo.

Nawe mgonjwa au mzazi, una haki ya kuelezwa kila kipimo kabla ya kuguswa, kuwa na mtu unayemwamini chumbani, na kusema hapana. Tabibu mwaminifu haudhiwi na maswali hayo.

Taasisi nazo, iwe shule, klabu au hospitali, zimteue mapema mpokea malalamiko asiye chini ya kocha wala tabibu wa timu, na jina lake libandikwe pale wanafunzi wanapoliona. Anayetuhumiwa asimamishwe kuwahudumia vijana wakati uchunguzi ukiendelea, na wachunguzi watoke nje ya taasisi. Hatua hizi hazimhukumu mtu kabla ya mahakama. Zinamlinda mtoto ajaye.