Mgeni wa Chennai: Ale Nini na Apite Wapi?



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo, Ijumaa hii tumeona tulizungumzie jambo ambalo aghalabu halifikiriwi mpaka tiketi imeshakatwa, nalo ni chakula na njia kwa mtu anayempeleka mgonjwa wake India.

Hapa kwetu Pemba safari hiyo si ngeni tena. Mgonjwa huanzia Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee kule Mkoani, akavuka bahari hadi Mnazi Mmoja, na maradhi yakizidi uwezo wa huko huandikiwa India. Wengine hupelekwa na Serikali, na wengine hujipeleka kwa fedha za karafuu, kwa kiwanja kilichouzwa na kwa michango ya ukoo. Fedha hizo hupangiwa hospitali mpaka ya mwisho. Anayesahauliwa ni muuguzaji, yule kaka, mama au binti anayefuatana na mgonjwa. Tumewaona huko wauguzaji waliopitisha wiki nzima kwa mkate mkavu, biskuti na chai kwa kuogopa haramu, hata wakaanguka wao, na mgonjwa akabaki bila ya wa kumnyanyua. Tumewaona pia walioingia hoteli ya kwanza waliyoikuta wakala nyama yoyote iliyowekwa mbele yao, kwa hoja ya kuwa msafiri ana dharura. Wote wawili hawakuuliza, na lau wangeuliza wangekuta njia pana baina ya mambo hayo mawili.

Tuchukue mji wa Chennai, makao makuu ya jimbo la Tamil Nadu, ulioitwa Madras hadi mwaka 1996. Wazanzibari wengi wamefika huko kwa ajili ya matibabu, na mitaa iliyoizunguka hospitali ya Apollo ya Greams Road, iliyofunguliwa mwaka 1983, imejaa nyumba za wageni wagonjwa na jamaa zao.

Msingi wa maulamaa wetu katika vyakula ni mwepesi kuufahamu. Kilichoota ardhini asili yake ni halali mpaka ijulikane sababu ya kukikataza. Nyama ni kinyume chake. Asili yake ni kuzuilika mpaka ijulikane kuwa imechinjwa kisheria. Kwa hivyo wali, mboga na mikate haviharamiki kwa sababu tu mpishi wake ni Baniani. Kinachoepukwa ni kile kilichotolewa kwa masanamu, nacho huko hakifichwi, bali huitwa prasadam. Mgeni akikaribishwa, aombe radhi kwa upole, wala hapana haja ya ugomvi.

India imemrahisishia Muislamu jambo hili kuliko nchi nyingi za Ulaya. Hoteli isiyopika nyama kabisa huandika mlangoni "Pure Veg", na vyakula vya pakiti hutiwa alama kwa amri ya sheria: nukta ya kijani ndani ya mraba wa kijani kwa kisicho na nyama, na alama ya rangi ya hudhurungi kwa chenye nyama. Hata yai huhesabiwa upande wa nyama. Asiyejua kusoma hata herufi moja ya Kitamil anaweza kununua kwa kutazama rangi.

Na chakula chenyewe, wallahi, si kigeni kwa Mpemba. Idli ni mchele na dengu nyeusi zilizosagwa, zikaachwa zichache, zikapikwa kwa mvuke. Mtu angeweza kudhani ni mkate wa kumimina uliosahauliwa sukari. Dosa ni jamaa wa chila. Mchana huuzwa kile wanachokiita "meals": wali juu ya jani la mgomba, na sambar, ambao ni mchuzi wa mbaazi wenye ukwaju na binzari, kisha mchuzi mwepesi wenye pilipili manga uitwao rasam, na mtindi wa kumalizia. Katika hoteli nyingi wali huongezwa mpaka mlaji aseme basi. Watu hula kwa mkono wa kulia kama sisi. Pilipili yao ni kali, na mgonjwa wa tumbo aambiwe hivyo mapema.

Anayetaka nyama aende kwa Waislamu. Wapo wengi Chennai, hasa Triplicane na Periamet. Namba 786 juu ya mlango wa duka ni dalili kuwa mwenyewe ni Muislamu, lakini dalili haitoshi. Aulize nani amechinja. Neno "mutton", ambalo mwanafunzi wetu wa skuli atalifasiri kuwa ni nyama ya kondoo, huko aghalabu ni nyama ya mbuzi. Samaki, ambaye hahitaji kuchinjwa, wamejaa kwa kuwa mji uko ukingoni mwa Ghuba ya Bengali, na yule wanayemwita vanjaram ni nguru wetu. Aulize tu kama mafuta aliyokaangiwa hayakukaangiwa kuku wasiojulikana.

Mwenye wasiwasi juu ya chakula cha mikono isiyo ya Waislamu na atazame msikiti wa Wallajah, Triplicane, uliojengwa mwaka 1795. Kwa miongo kadhaa watu wa asili ya Sindh wasio Waislamu wamekuwa wakipika futari isiyo na nyama na kuwaandalia waliofunga hapo msikitini katika mwezi wa Ramadhani. Waumini hukaa safu kwa safu wakala.

Maji yanataka hadhari kubwa zaidi kuliko wali. Anywe ya chupa ambayo kifuniko chake hakijafunguliwa, aepuke barafu na matunda yaliyokatwa barabarani. Madafu hayana neno, na yamejaa kila pembe.

Tuje kwenye njia. Chombo tunachokiita bajaji tumekipa jina la kampuni ya Bajaj ya huko huko India. Wao hukiita auto. Wenyeji wenyewe wa Chennai hulalamika kwamba madereva hawapendi kuwasha mita. Mwaka 2013 serikali ya jimbo ilipanga rupia 25 kwa kilomita 1.8 za mwanzo na rupia 12 kwa kila kilomita baada ya hapo, na madereva wakaja kusema kuwa bei hiyo imepitwa na wakati. Mgeni anayeshuka na mgonjwa na mabegi hutajiwa nauli kwa kadiri ya uso wake. Dawa yake ni mapatano kabla ya kukaa, au kuita gari kwa programu za simu kama Ola na Uber, ambazo huonesha bei mapema. Pale uwanja wa ndege ipo pia teksi inayolipiwa dirishani kabla ya kupanda.

Muuguzaji aliye peke yake asidharau treni ya mjini iitwayo metro, iliyoanza mwaka 2015. Njia moja yatoka uwanja wa ndege mpaka kituo cha Thousand Lights, karibu na Greams Road, bila ya kubadilisha treni. Katika mabasi ya kawaida ya mji, serikali ya jimbo iliondoa nauli kwa wanawake mwaka 2021. Tunalitaja kwa makusudi, kwani mama zetu wengi hujifungia chumbani miezi miwili wakimsubiri mwanamume wa kuwanunulia hata ndimu.

Waliojifunza Kihindi katika filamu watahuzunika kidogo, kwani Chennai ni mji wa Kitamil, na Kihindi hakimfikishi mtu mbali. Kiingereza cha maneno machache kinafaa zaidi. Achukue kadi ya nyumba aliyofikia na aiweke mfukoni, dereva ataisoma. Achukue pia noti ndogo ndogo. Na kama jamaa aliyewahi kusafiri amemkabidhi rupia alizobakisha, azitazame kwanza: noti za zamani za 500 na 1,000 zilifutwa Novemba 2016, na za 2,000 zilianza kuondolewa katika mzunguko Mei 2023.

Imebaki saa. Chennai imetutangulia kwa saa mbili na nusu. Jamaa wa Wete au Konde wakipiga simu saa 2:00 usiku, baada ya Isha, kwa muuguzaji ni saa 4:30 usiku, na alfajiri anatakiwa awe ameshakula na kumtayarisha mgonjwa kwa daktari. Wapige baada ya Alasiri.