Kibangwa cha Plastiki

Nilipomwamkia mama mmoja wa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," macho yangu yalikuwa shingoni mwake. Kwenye mkufu wa shanga nyeupe kilining'inia kisahani cheupe, chenye tundu katikati. Kibangwa! Sikutarajia kukikuta Ifakara, huku bonde la Kilombero.

Aliniruhusu nikigeuze. Kibangwa cha asili ni kitako cha konokono wa Bahari ya Hindi aliyechongoka kama pia. Hukatwa, kikasuguliwa juu ya jiwe mpaka kiwe bapa, kikatobolewa. Upande mmoja hubaki mistari inayojizungusha kuelekea katikati. Hiki nacho kilikuwa na mistari, ila ilikuwa sawasawa mno. Plastiki.

Kwa Wasukuma na Wanyamwezi kilikuwa alama ya mtemi, yaani chifu. Bei yake bara haikuwa mchezo: Livingstone, akiwa kwa chifu Shinte mwaka 1854, aliambiwa viwili hununua mtumwa. Viwanda vya Ulaya havikuchelewa kutengeneza vya bandia. Utemi ulifutwa 1963. Kibangwa kikabaki kwa waganga na warithi wa mizimu, kikafuata ng'ombe wa Wasukuma waliohamia bonde la Kilombero. Operesheni ya serikali ya 2012 iliondoa mifugo mingi bondeni. Mayu alibaki, analima mpunga na kuwatungia watu shanga.

Kibangwa cha asili cha ukoo wake kipo Shinyanga, kwa kaka yake mkubwa. Kimoja, na ndugu ni wengi, kingekatwaje? Ndipo akanunua hiki. Anasisitiza kwamba hata kile cha baharini kilitoka dukani kwa mfanyabiashara, na hakuna aliyekiheshimu kabla hakijanyunyiziwa maji ya unga na kutajiwa jina la babu. Hiki nacho kimetajiwa. Uzi anausokota mwenyewe. Huo, anasema, haununuliwi.

Nilimsimulia kuhusu Waonondaga, wenyeji asilia wa Marekani, ambao mikanda yao ya shanga za kombe hubeba mapatano ya mababu. Mwaka 1989 jumba la makumbusho la jimbo la New York liliwarudishia mikanda 12. Siku hizi wapo wafumaji wanaotengeneza nakala kwa shanga za viwandani, ili wawafundishie vijana. Mayu aliuliza swali moja tu: hizo nakala, nazo husemeshwa?

Mwanawe amezaliwa hukuhuku bondeni, Shinyanga anaisikia tu. Mizimu ikimtaka, avikwe kipi? Mayu anasema ni hiki cha plastiki. Kaka yake hataki hata kusikia, na ukoo haujakaa kikao.