Klori ni ya kolera, floraidi ni ya meno



Hivi karibuni tulikuwa kando ya Lukuga na kikundi kimoja cha walimaji wa mihogo. Tukauliza kwa nini shamba la mama mmoja limebaki nyuma. Akafungua kinywa, akatuonyesha pengo. "Jino ilinitesa siku tisa," akasema. "Usingizi hakuna, bukari haipite, jembe naiona ya mbali." Mwishowe alikopa franka katika kisanduku cha AVEC, akaenda Kalemie kung'olewa. Deni angali nalo, na wakati wa kupanda umepita.

Papo hapo mzee mmoja akauliza: "Lakini si tunakunywa maji yenye dawa? Mbona meno inaoza tu?"

Swali hilo tumelisikia mara nyingi, tena ni swali la mtu mwenye akili. Hapa kwetu kolera haiishi kurudi, ndiyo maana maji ya ziwa yanatiwa dawa. Dawa hiyo ni klori. Inaua vijidudu ndani ya maji, basi, kazi yake imeisha. Msiiache hata siku moja! Ila kwa meno haisaidii kitu. Kinachosaidia meno ni madini mengine, floraidi, na majina yanafanana kidogo, ndiyo watu wanachanganya.

Jino linaozaje? Ndani ya kinywa mna vijidudu vinavyokula sukari tunayoila. Vikishiba vinatoa asidi, na asidi inatoa madini katika ngozi ngumu ya jino, kama mvua inavyobeba udongo mzuri wa mteremko usiofunikwa na majani. Mate yanarudisha madini polepole. Floraidi inayasaidia kurudisha upesi, na inalifanya jino lishindane na asidi. Lakini tundu likishafunguka, floraidi haiwezi kulifunga. Hapo ni kazi ya munganga wa meno.

Kule Marekani, mji wa Grand Rapids ulianza kutia floraidi katika maji ya bomba mwaka 1945, na baada ya miaka watoto wa pale walionekana na meno mabovu machache kuliko zamani. Sisi tunaochota ziwani na kisimani hatuna bomba la namna hiyo. Njia yetu ni dawa ya meno ya kupigia mswaki. OMS, Shirika la Afya Duniani, iliitia katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2021.

Basi ukinunua sokoni, geuza tyubu usome. Tafuta neno "fluor", "fluorure" au "fluoride", na namba kati ya 1000 na 1500 ikifuatwa na "ppm". Asiyejua kusoma amuombe mtoto wa shule. Isiyo na neno hilo inatoa harufu nzuri tu. Hata chumvi na makaa havina kazi hiyo. Kijiti cha mti kinasafisha, hatukikatazi. Paka dawa kidogo juu yake kama huna mswaki.

Piga mara mbili kwa siku, na ile ya usiku kabla ya kulala usiikose. Tema povu, lakini usisukutue kwa maji mengi, maana utamwaga dawa uliyoinunua. Mtoto chini ya miaka mitatu anatosheka na kiasi cha punje ya mchele, hadi miaka sita punje ya njegere, na mkubwa amsimamie asimeze.

Kwa nini asimeze? Floraidi ikizidi inaharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanaota. Kule Arusha, Tanzania, maji ya sehemu nyingi yana floraidi nyingi mno kwa sababu ya mawe ya volkano, na watu wana meno ya kahawia. Hata upande wa Goma, moshi wa volkano unaiingiza katika maji ya mvua. OMS inaweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa litre ya maji ya kunywa.

Na chakula? Bukari, sombe na ndagala hazina hatia kubwa. Tunaogopa zaidi bombo, biskwi na soda, hasa zikiliwa kidogo kidogo mchana kutwa, kwa sababu jino halipati nafasi ya kupumua. Ukitaka kitamu, kula pamoja na chakula, kisha acha.

Uso ukivimba pamoja na homa, au kumeza kukishindikana, usingoje siku ya soko. Nenda hospitali siku ileile.

Kile kikundi cha Lukuga kimekubaliana kununua kartoni moja ya dawa ya meno kwa pamoja, pale wanapopeleka mihogo Kalemie, na kuwagawia wanachama kwa bei ya jumla. Mzee aliyeuliza swali ndiye aliyechaguliwa kusoma matyubu kabla pesa haijatoka.