Chakula Kinachomfuata Mlaji: Nasaha kwa Walio Kisii na Nyamira



Zamani mlaji alikwenda hotelini, akaketi, akaiona mikono inayompakulia. Leo katika mji wa Kisii, na kwa majirani zao wa Nyamira, hoteli humfuata mlaji alipo. Agizo hutolewa kwa simu, malipo hupita kwa M-Pesa, na kijana wa bodaboda hupanda vilima vya Gusii na chakula hadi ofisini, bwenini au penye harusi. Ni tahfifu kubwa, hasa mvua za alasiri zinaposhuka.

Jambo hili latuhusu sisi wa Pwani, kwani wapo watoto wetu wanaosoma Chuo Kikuu cha Kisii. Waislamu kule ni wachache, na anayeagiza kwa simu halioni jiko.

Wapo wanaojituliza kwamba wenyeji wengi ni Wasabato, nao hawali nguruwe wala hawanywi pombe. Twawaheshimu kwa hilo. Wanavyuoni nao wamezungumza kwa urefu juu ya chakula cha Ahlul Kitabi, na ukurasa huu hautoshi kuyaeleza. Lakini kukosekana kwa nguruwe jikoni hakujibu suala la kuchinja. Ng'ombe hupita machinjioni, na katika machinjio mengi ya nchi yetu mchinjaji ni Muislamu. Kuku ana mambo mengine: aghalabu huchinjwa uani mwa hoteli, na yeyote aliye karibu na kisu.

Basi tuulize kwa adabu kabla ya kulipa: kuku huyu amechinjwa na nani? Asiyeridhika na jibu asigombane na mtu. Ndizi za kupika, maharagwe, samaki wa Ziwa Victoria na chinsaga, yaani mgagani, havina mchinjaji wa kuulizwa, mradi havikupikwa kwa mafuta yaliyokaanga nyama yenye shaka.

Nawe ndugu Muislamu mwenye hoteli, amana yako haikomi mlangoni. Funga chakula vyema, usikichanganye njiani na mzigo wa jiko jingine, na ukiulizwa, sema kweli hata ukikosa mteja.

Mzazi, jioni unapompigia mwanao, usikomee kwa "Umekula?" Muulize amekula nini, na kimetoka wapi.

Allah aturuzuku halali, na aitie baraka. Amin.